Bibo Lililoitwa Pilipili Hoho: Miaka Yangu ya Programu Huria Shuleni

Nyinyi mnaosoma haya mmeikuta kompyuta ipo kama mlivyolikuta jiko. Wengine mlijua kuandika kwa kidole gumba kwenye simu kabla hamjajua kushika kalamu. Siwaonei wivu. Nawaambia tu mapema, maana nikianza kusimulia mtadhani ni habari za zama za bibi yangu, kumbe ni za juzi. Mimi nimestaafu, nipo zangu hapa Kilwa Masoko, nafuga kuku, na majirani wananiletea simu na kompyuta zao mpakato kwa sababu wanajua sina pa kukimbilia.

Nilikuwa mwalimu wa jiografia. Kompyuta nilitwishwa. Siku moja mkuu wetu wa shule aliingia ofisi ya walimu akauliza nani anajua kupiga chapa. Nikanyoosha mkono, nikidhani kuna barua. Akanikabidhi funguo za chumba cha kompyuta. Wanangu, kazini mkono unyoosheni kwa tahadhari.

Chumba chenyewe kilikuwa wodi. Mashine zote zilikuwa na mifumo ya kunakili, ile ya "nichomekee na mimi," isiyo na leseni, kwa sababu leseni shule haikuweza kuilipia na hakuna aliyejua kwamba kuna njia nyingine. Leo inakutolea onyo kwenye kioo, kesho inajifunga, keshokutwa virusi vimekula kazi za wanafunzi. Nikaichukua moja iliyokuwa imegoma kabisa, nikaifunga kwenye khanga, nikaenda nayo Lindi mjini kwa fundi niliyeelekezwa, Bwana Hokororo.

Huyu Hokororo alikuwa Mmakonde mfupi, mpole, mwenye kibanda nyuma ya duka la madaftari. Aliitazama mashine yangu kama daktari anavyotazama mtoto mwenye homa, kisha akaniuliza:

"Dada, hii unataka niitulize au niiponye?"

"Tofauti yake nini?"

"Nikiituliza, mwezi ujao utarudi. Nikiiponya, hutarudi, nami nitakuwa nimepoteza mteja."

Nikamwambia aiponye. Ndipo kwa mara ya kwanza nikasikia maneno "programu huria." Akanieleza kwa mfano wa nguo, kwa kuwa mkewe alikuwa mshonaji. Alisema programu nyingi za dukani ni kama gauni lililoshonwa ukapewa sharti usilifumue, usimwazime dada yako, na likikubana uvumilie. Programu huria ni gauni unalopewa pamoja na kipimo chake cha kukatia kitambaa. Vaa, azima, fumua uone lilivyoshonwa, punguza mikono ukitaka, kisha mpe na jirani kipimo kile kile. Wenyewe waliotengeneza wameruhusu, tena kwa maandishi.

"Kwa hiyo si wizi?" nikamuuliza.

"Wizi ni hiyo uliyokuja nayo kwenye khanga," akanijibu, na akacheka mpaka akakohoa.

Namna yake ya kufundisha sijaiona kwa mwingine. Alikuwa hagusi kibodi. Alishika kikombe cha chai ya tangawizi kwa mikono miwili, makusudi, ili isimshawishi. Mimi ndiye niliyebonyeza kila kitu. Nikikwama namwita: "Fundi, hapa nibonyeze nini?" Naye: "Kimeandika nini?" Nasoma. "Basi kimeshakwambia." Nilimchukia kwa wiki nzima. Lakini niliporudi Masoko niliweza kuweka Linux, mfumo huria wa kuendeshea kompyuta, kwenye mashine zote za shule peke yangu. Tangu hapo na mimi nikawa na kikombe changu. Kama mnataka kufundisha watu kompyuta, anzeni kwa kuishughulisha mikono yenu na kitu kingine.

Habari zikaenea kwamba chumba chetu hakiumwi tena. Wakuu wa shule nyingine wakaanza kuniazima kama sufuria kubwa la shughuli. Nimelala Kivinje, nimelala Nangurukuru, nimekwenda Milola mara nisizozikumbuka.

Milola ndiko nilikojifunza somo moja ambalo hakuna kitabu kinacholiandika. Niliweka mifumo, nikaondoka nimejawa na furaha. Kabla sijamaliza kushusha mizigo nyumbani simu ikalia. Mwalimu mmoja wa Kiswahili, mama mtu mzima, analalamika kwamba nimemfutia kila kitu. Nikamwuliza amepoteza faili gani. Akasema hajapoteza faili, amepoteza "ile herufi ya buluu." Nilichukua muda kumwelewa. Yeye miaka yote alifungua programu ya kuandikia kwa kubonyeza picha fulani ya buluu iliyokaa pembeni juu, kushoto. Programu mpya ilikuwepo, nzuri tu, inaandika vile vile, ila picha yake ilikuwa nyingine na imekaa chini. Kwake dunia ilikuwa imepinduka. Nikarudi Milola kesho yake, nikaisogeza ile picha juu kushoto, nikaandika chini yake "Andika Hapa." Mama akakaa, akaandika, akaniambia, "Sasa umeileta kompyuta." Msicheke. Na wewe mtu akikuhamishia swichi ya taa utapapasa ukuta.

Jambo la pili nililojifunza ni kwamba usianze na hotuba. Nilipokuwa mgeni wa kazi hii nilikuwa nikisimama mbele ya walimu nawahubiria uhuru wa programu, haki ya kunakili, na kadhalika. Wanasinzia. Siku za mwisho mwisho nilikuwa naingia nauliza tu, "Nani flashi yake inaumwa?" Mikono yote inanyooka.

Na flashi ndiyo iliyonifungulia mlango Kipatimu. Hiyo ndiyo safari ninayotaka kuwaeleza vizuri, mengine nimekuwa napasha koo.

Kipatimu mnajua iko juu kwenye vilima vya Umatumbi. Barabara yake wakati wa masika ni ya kumwomba Mungu. Nilipanda bodaboda kutoka barabara kuu, kompyuta mpakato imo ndani ya mfuko wa nailoni, mfuko umo ndani ya begi, begi nimelikumbatia. Mahali pawili tulishuka tukaisukuma pikipiki. Nilifika shuleni tope limefika magotini, na mkuu wa shule, Mwalimu Mbonde, akanipokea kwa maneno haya:

"Karibu sana, mwalimu. Ila nikuambie ukweli, umechelewa. Wazazi wanakutana leo mchana. Chumba cha kompyuta kinakuwa ghala la mahindi."

Akanieleza. Kompyuta zililetwa na watu waliosoma pale zamani wakafanikiwa mjini. Zilifanya kazi mwaka mmoja, zikajifunga moja baada ya moja. Sasa zimefunikwa mashuka. Wakati huo huo mahindi ya chakula cha wanafunzi yalikuwa kwenye korido, panya wanayala. Wazazi walikuwa na hoja, na mimi nisingeweza kuwabishia. Lakini chumba kikifungwa, na somo la kompyuta linafutwa, na wale waliokuwa wamelichagua wangelazimika kuanza somo jingine katikati ya njia. Waliokuwa wamelichagua walikuwa wamejipanga nje ya dirisha wakinitazama. Mmoja wao, binti mrefu wa kidato cha tatu aliyeitwa Somoe, akaniamkia, kisha bila kupoteza muda akauliza, "Mwalimu, zitapona?"

Sijamjibu, mwalimu wa taaluma akaingia anahema. Mtihani wa ujirani mwema, ule ambao shule za karibu hutungiana na kufanya pamoja, ulikuwa kwenye flashi yake. Amekwenda kuuchapa kwenye steshenari pale madukani, flashi imerudi mafolda yote yamegeuka shotikati, hakuna kinachofunguka. Mtihani unaanza kesho na shule nyingine zinasubiri nakala. Uso wake ulikuwa umekauka.

Mwajua nyote ugonjwa huo. Kirusi kile hakifuti kitu. Kinaficha mafaili yako na kukuwekea picha za uongo badala yake, nawe ukizibonyeza unakisambaza. Lakini mfumo wa mashine yangu kirusi hicho hakikuweza kuudanganya, maana kimetengenezwa kwa mifumo mingine. Nikachomeka flashi, nikamwambia mwalimu wa taaluma akae yeye. Mimi nikaomba kikombe cha chai.

"Bonyeza vitufe hivi viwili pamoja. Umeona nini?"

Akasogeza uso kwenye kioo. Halafu akasema taratibu, "Hisabati. Baiolojia. Kiswahili..." Akaendelea kuyataja masomo kama mtu anayewaita watoto wake waliopotea sokoni.

Mwalimu Mbonde akanishika bega. "Mimi umenipata," akasema. "Wazazi sijui."

Wazazi walikutana kwenye darasa la kidato cha kwanza, wengine wamekaa juu ya madawati. Nikapewa nafasi ya kusema, na nikafanya kosa nililowaonya nyinyi sasa hivi, nikaanza na jina. Nikasema nimekuja na programu huria. Pale pale akasimama mzee mmoja mkulima wa korosho, Mzee Mkwinda, babu yake yule Somoe.

"Shikamoo, mzee," nikamwambia.

"Marahaba, mwanangu. Umesema huria?"

"Ndiyo, mzee."

"Huria kama soko huria?"

Darasa zima likaguna. Wakulima wa huku neno hilo wanalifahamu kwa namna yao, wamekutana na walanguzi wa kila aina.

"Soko huria lilikuja tukaambiwa tuko huru," Mzee Mkwinda akaendelea, "mnunuzi akaja na mizani yake ya uongo, huru. Sasa unatuletea kompyuta huria. Mizani yake anashika nani?"

Wakacheka, nami nikacheka, maana swali lilikuwa zuri kuliko hotuba yangu. Mama mmoja akaongezea kwamba kitu cha bure lazima kina jambo, na aliyekitengeneza anakula nini.

Nikaangalia ukuta. Nikauliza, "Darasa hili matofali alifyatua nani?"

"Sisi."

"Mlilipwa?"

"Tulipwe na nani? Ni la watoto wetu."

"Na fundi aliyeezeka?"

"Huyo alilipwa," akasema mama yule.

"Basi na hizi programu ni hivyo hivyo. Wapo wanaolipwa na wenye kazi kubwa, wapo wanaojitolea kwa kuwa na wao wanazitumia. Mtoto wa kijiji jirani cha Chumo akija kusoma hapa, mnamfukuza kwa sababu wazazi wake hawakufyatua tofali?"

Wakasema hapana. Nilidhani nimeshinda. Mzee Mkwinda hakuwa amekaa.

"Mwanangu, mimi tofali nikiona limekaa vibaya, naling'oa nalipanga upya. Hiyo kompyuta yako, nikiona imekosea, mimi mtu wa Kipatimu, nang'oa wapi?"

"Unaweza kuwaambia wenyewe, mzee, na wakiona uko sawa wanarekebisha kwa watu wote. Inaruhusiwa."

"Inaruhusiwa," akasema, "si sawa na inafanyika. Nitangoja nione."

Mkutano ulimalizika kwa makubaliano ya ajabu. Chumba kibaki hadi mwisho wa mwaka, kisha waamue tena. Na mahindi? Mwalimu Mbonde akasimama akatoa nusu ya ofisi yake. Kuanzia siku hiyo, ukienda kumwona mkuu wa shule unakaa ubavuni mwa magunia, na ukitoka unajipangusa vumbi la mahindi. Afisa yeyote aliyekuja kukagua aliambiwa, "Karibu ukae, hayo ni mahudhurio ya wanafunzi." Na ilikuwa kweli, maana mtoto aliyekula haondoki.

Mashine tuliziponya mimi na wale wanafunzi. Kila mtu yake. Niliwakuta wepesi kuliko walimu wengi niliowahi kuwafundisha, kwa sababu hawakuwa na herufi ya buluu ya kuililia. Mtandao pale shuleni ulikuwa wa kubahatisha, kwa hiyo nilibeba programu zote kwenye diski: ya kuandikia, ya hesabu, ya ramani, na mchezo mmoja wa kujifunzia majina ya mimea na wanyama, umefasiriwa Kiswahili. Kariri hili, wewe unayetaka kufanya kazi hizi vijijini: usiende na kitu kinachotegemea mtandao, na usiende bila waya mrefu wa umeme, kwa kuwa soketi siku zote iko ukuta wa mbali.

Nilikuwa narudi kila baada ya wiki kadhaa. Msimu wa korosho ulipoingia, nikafika nikakuta chumba kizima kinacheka. Wamezunguka mashine ya Somoe. Kwenye kioo palikuwa na picha ya tunda la mkorosho, jekundu, limeiva, korosho yake inaning'inia chini. Na maandishi yake: PILIPILI HOHO.

"Mwalimu," Somoe akasema huku anajifuta machozi ya kicheko, "huyu aliyeandika hajawahi kula bibo."

"Si atachoma bibo na nyama!" mwingine akadakia, wakaanza upya.

Mimi sikucheka sana. Nilikuwa namsikia Mzee Mkwinda: nang'oa wapi? Nikavuta kiti. "Somoe, waandikie."

"Akina nani?"

"Wenye mchezo. Anwani imo humo humo, mahali pa kuripoti makosa."

Akanitazama kama nimemwambia aandikie mwezi. Ila aliandika. Aliandika rasimu, wenzake wakaikosoa, wakabishana kama waseme "tunda la mkorosho" au "bibo." Waliotoka familia za Kilwa mjini walitaka lile refu, la kitabuni. Wa Kipatimu wakasema hakuna mtoto duniani aliyewahi kulia akitaka tunda la mkorosho, wote wanalilia bibo. Bibo likashinda. Tukapanda kilima upande wa misheni, ambako simu yangu ilikamata mtandao, tukautuma ujumbe.

Wiki zikapita kimya. Nilikwenda Kipatimu mara mbili nikapokewa na macho ya Somoe kabla ya salamu yake, nami nikatikisa kichwa. Mara ya pili akaniambia, "Labda hatukuandika vizuri, mwalimu." Iliniuma. Nilijiona nimewauzia watoto maneno, na mwisho wa mwaka ulikuwa unakaribia.

Jibu lilikuja nikiwa Masoko, nakoroga uji. Limeandikwa kwa Kiswahili kisafi sana, cha mama mmoja aliyekisomea mbali. Mama huyo alishukuru, akasema yeye ni mmoja wa wanaojitolea kufasiri, na aliwahi kuona tunda hilo kwenye picha tu. Akaomba jambo moja: kama tunaweza kumtumia picha halisi, kwa kuwa watu wawili katika kundi lao wanabisha.

Nilipompelekea Somoe habari, alipiga ukelele uliomtoa Mwalimu Mbonde kwenye magunia. Jioni ile ile tukaenda shambani kwa babu yake. Mzee akasikiliza maelezo yote, akauliza, "Wanabisha?"

"Wawili, babu."

"Wanambishia nani? Mimi?"

Akaingia ndani. Tukasubiri. Akatoka amevaa kanzu ya Idi na kofia yake ya vito iliyodariziwa kwa mkono, akachagua bibo moja baada ya kuyakataa mengi, akalishika mbele ya kifua, akakataa kutabasamu. Tukampiga picha, tukaituma.

Safari hii jibu halikukawia. "Asanteni sana, hakuna anayebisha tena. Samahani, mzee huyu ni nani?" Wanafunzi wakamjibu kwa pamoja: "Ni mhakiki wetu."

Mkutano wa mwisho wa mwaka ulifanyika kabla toleo jipya la mchezo halijatoka, na sikuwa na cha kuonyesha ila barua hizo. Mwalimu Mbonde akazisoma. Mzee Mkwinda alipoulizwa, akasema chumba kisiguswe, kwa sababu ana shauri lake humo ndani ambalo halijaisha. Hakuna aliyethubutu kupinga shauri la mzee.

Toleo jipya nililipata mwaka uliofuata, nikalipandisha Kipatimu kwenye diski. Somoe ndiye aliyeliweka, kwa mikono yake, mimi nikiwa na kikombe. Babu yake aliitwa, akaja na wazee wenzake, wakajaza chumba. Picha ikatokea. Somoe akasogea pembeni ili wasome wenyewe.

Mzee akainama mpaka pua ikakaribia kioo. Midomo yake ikatembea kwanza bila sauti. "Bibo," akasema. Akageuka kwa wenzake, akalirudia kwa nguvu kana kwamba wao ndio waliokuwa wakibisha. "Bibo!" Mmoja akapiga makofi, wengine wakafuata. Nikamwona Somoe ameshika mdomo kwa viganja viwili.

"Kwa hiyo hata mtoto wa Dar akifungua, ataona hivi?" mzee akauliza.

"Hata wa nje ya nchi, babu. Kila mwenye mchezo huu wa Kiswahili."

Mzee akaitikia kwa kichwa. Kisha akainama tena, akaweka kidole chini ya picha, pale korosho ilipokuwa imening'inia peke yake bila maandishi.

"Na hii mbona hawakuiandika jina?"

"Hawajaiweka, babu."

Mzee Mkwinda akavuta kiti, akakaa, akakunja mikono ya shati. "Basi kaa chini, mjukuu wangu. Waandikie. Na waulize kama watataka picha."